Medali za Upande wa Kulia

Mpiga picha akitumwa kwenye gwaride la wapiganaji wa zamani, cha kwanza kutazama ni kifua. Medali zikiwa kushoto, mvaaji alipigana mwenyewe. Zikiwa kulia, ni za jamaa yake aliyetangulia mbele ya haki. Ndiyo desturi ya majeshi ya Jumuiya ya Madola. Zamani za filamu, negativu ikigeuzwa chumbani mwa giza, yatima alitokea gazetini amekuwa shujaa!

Jumapili ya pili ya Novemba nilikuwa kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Medali za kulia zilizidi za kushoto, na si ajabu. Vita Vikuu vya Pili vilikwisha 1945. Aliyeandikishwa barobaro siku hizo, kama Mola angali amempa umri, sasa amekaribia miaka mia au ameipita.

Tarumbeta ililia, wakubwa wakaweka mashada ya maua. Picha hizo nilizipiga kwa kuwa wahariri huzitaka, lakini mwaka huu na mwaka jana huwezi kuzitofautisha. Jicho langu lilikuwa kwa mzee mmoja wa Kisauni, kofia ya vito kichwani, medali kulia. Shada hakuwa nalo. Alisimama mbele ya ukuta wa majina, akainua mikono na kusoma Fatiha.

Ami yake alikuwa katika kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa Februari 1944 waliondoka Mombasa kwa meli Khedive Ismail, safari ya Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido. Dakika tatu hazikutimia meli ikawa chini, na watu wapatao 1,300 wakaenda nayo. Aliyekufa maji, masheikhe wametufundisha, ana daraja ya shahidi. Lakini kaburi la kuzuriwa hana. Ana ukuta huo tu.

"Nipigie jina," mzee aliniambia. "Mimi usinipige. Shangazi yangu hajaliona."

Jina lililochongwa ni gumu kupiga. Mwanga ukija usoni mwa ukuta herufi hufutika. Sharti uje kwa ubavu, kila herufi itie kivuli chake. Tulingoja karibu saa nzima, na wenzangu walikwisha kwenda zao. Sijutii saa ile.

Jumatano nilimpelekea bibi huyo picha, niliyoichapisha kubwa. Ndugu yake alipoondoka yeye alikuwa kigori. Macho hayaoni vyema, akaomba asomewe. Akasomewa. Akauliza kama jina la baba yao limeandikwa pia. Limeandikwa. Akaikunja ile picha ndani ya leso, picha kubwa vile, akaikunja mara nne, nami sikuthubutu kusema neno.

Jumamosi ilikuwa zamu ya baiskeli. Vijana wa mjini hukutana baada ya sala ya alfajiri, wakavuka Likoni na kufuata njia ya Tiwi hadi Diani kabla jua halijawa kali. Baiskeli haitaki kusimamishwa kwenye picha. Ukiikamata kwa kasi kubwa ya kamera, itaonekana imeegeshwa na mtu ameketi juu yake. Mimi huweka sehemu moja ya thelathini ya sekunde, nikamfuata mwendeshaji kwa kamera kama bunduki ifuatavyo ndege: uso ukatulia, minazi nyuma ikawa michirizi. Kwa kumi, moja hufaa.

Lakini niliyoipenda niliipiga feri ikiwa bado haijang'oka. Ilizuiwa kuipisha meli ya mizigo itokayo Kilindini. Vijana walikuwa wameegemea baiskeli zao, wamechoka kungoja, mmoja akipuliza kengele yake kwa kidole kuihimiza meli. Nyuma yao meli yapita katika mlango uleule iliopitia Khedive Ismail, yaelekea bahari kuu. Mhariri alichagua ya minazi.