Namba yako ya Kongo ukiwa Burundi



Baadhi yetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwezi wa Desemba 2025, baada ya M23 kuingia Uvira, tukashukia Rumonge na laini za Kongo mfukoni. Ndugu waliobaki Baraka na Fizi wanatujua kwa namba hiyo ya 243 tu. Huku kambini, mbali na ziwa, laini haishiki mtandao, lakini WhatsApp yake ingali inafanya kazi. Wengi wanauliza inawezekanaje.

Simu ya kawaida kwenda Kongo ni simu ya nchi za nje, hata kama wa Baraka ni jirani wa ng'ambo ya maji. Kampuni za pande zote mbili zinadai sehemu yake, uniti zinaisha upesi. Katika WhatsApp sauti inakatwa vipande vidogo na kusafirishwa na intaneti kama ujumbe. Intaneti haihesabu mpaka, inahesabu mega. Dakika moja ya sauti kwa kawaida haimalizi mega moja. Video inakula zaidi sana, zima kamera. Hiyo 243 ni jina lako tu, njia ni mega za laini ya hapa, kama Lumitel.

Hatari iko hapa. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni, halafu namba inauzwa kwa mtu mwingine. Huyo akifungua WhatsApp, tarakimu sita za uthibitisho zinakwenda kwake, wewe unatolewa. Mama akipiga kutoka Fizi anapokelewa na mgeni, labda tapeli.

Kwa hiyo badilisha namba sasa, wakati WhatsApp yako bado inafunguka. Tia laini ya Burundi, fungua Paramètres, kisha Compte, kisha Changer de numéro. Andika ile ya 243, halafu mpya ya 257. SMS itakuja kwenye laini ya Burundi; ile ya Kongo si lazima ishike. Kubali watu wako wajulishwe. Tarakimu sita usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa shirika.

Namba za Marekani zisizo na laini, zinazouzwa kwenye intaneti, hatuzishauri: nyingi ukiacha kulipa zinapotea.

Andikeni pia namba za ndugu kwenye karatasi. Aprili 2015 WhatsApp na Viber zilifungwa hapa Burundi, na siku kama hizo uniti na namba iliyoandikwa ndizo zinazosaidia.