Ijumaa Bila Nyama, Sahani Yenye Sato: Kwaresima Katika Familia za Kando ya Ziwa



Kila mwaka baada ya kupakwa majivu tunajiuliza swali lile lile: safari hii tujinyime nini? Sisi tunaoishi Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria tuna swali jingine la kujibu kwanza. Kanisa linatuomba tusile nyama siku ya Ijumaa. Ijumaa inafika, mama anapita Mwaloni Kirumba, anarudi na sato mnono. Sato anakaangwa, anashushiwa na ugali wa moto, na wote tunainuka mezani tumeshiba kuliko siku ya nyama. Sheria tumeishika. Je, tumejinyima?

Tuanze na kile Kanisa linachodai hasa, kwa sababu wengi wetu tunachanganya kufunga na kujinyima nyama. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa za mwaka 1983 (kanuni ya 1249 hadi 1253), kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14. Kufunga kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, tena kwa siku mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayefunga anakula mlo mmoja kamili, na anaruhusiwa kula kidogo asubuhi na jioni. Papa Paulo VI alifafanua hayo mwaka 1966 katika hati yake Paenitemini, akikumbusha kwamba desturi za nje hazina maana pasipo toba ya moyo.

Kwa hiyo anayekula sato Ijumaa hatendi dhambi. Lakini nyama iliondolewa mezani ili kitu fulani kipungue, na kilichopungua kimfikie mwenye njaa. Kwetu sisi watu wa ziwa, samaki mkubwa ni kitoweo cha kumkaribishia mgeni. Familia inayotaka kufunga kweli inaweza kumwacha sato kwa siku ya Ijumaa ikala dagaa, maharage au mlenda. Tofauti ya fedha isirudi mfukoni. Iwekwe kwenye kopo mezani, watoto waione ikiongezeka, na mwisho wa Kwaresima wao wenyewe wapeleke parokiani au kwa jirani mgonjwa. Mtoto wa miaka minane hafungwi na sheria, ila kanuni ya 1252 inawataka wazazi na wachungaji wamfundishe maana ya toba. Kopo hilo litamfundisha mengi kuliko hotuba.

Jambo la pili ni kuangalia nani anabeba mzigo wa mfungo wetu. Katika nyumba nyingi baba anatangaza kwamba anafunga, lakini jioni anataka chakula chake kiwe tayari na kitamu, na kikichelewa nyumba nzima haina amani. Mama naye amefunga, amekwenda sokoni, amepika, ameogesha watoto. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea watu waliofunga huku wakigombana na kuwatumikisha wafanyakazi wao. Basi baba achote maji, au asimamie sala ya jioni wakati mama anapumzika. Na dada wa kazi aruhusiwe kwenda kwenye Njia ya Msalaba Ijumaa, si abaki peke yake na vyombo.

Tatu, kuna mfungo wa simu. Tukikaa mezani kila mmoja na simu yake, tumekula pamoja kwa jina tu. Simu zote ziwekwe kabatini kuanzia chakula cha jioni hadi mwisho wa sala. Dakika 30 zinatosha. Siku za kwanza kutakuwa na ukimya, halafu mazungumzo yatarudi, pengine na yale tuliyokuwa tunayakwepa. Hapo ndipo mume na mke wanapoweza kuombana msamaha kabla ya kwenda kwenye kitubio.

Kwa familia za wavuvi tuna neno la pekee. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika. Nayo Pasaka huadhimishwa Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndiyo maana Juma Kuu hutukuta na mbalamwezi. Baba aliyekesha ziwani sasa yuko nyumbani, mfuko ni mwepesi, na vilabu viko wazi. Siku hizo zinaweza kuishia kwenye pombe na ugomvi, au zikawa siku ambazo familia inakwenda pamoja kwenye Misa ya Alhamisi Kuu na mkesha wa Pasaka. Uamuzi huo ufanywe mapema, kabla mwezi haujakua.

Na familia ambayo tayari inakula mara moja kwa siku? Hatuwezi kuiambia ipunguze. Mama mjane anayegawa sufuria moja ya uji kwa watoto watano haitaji kutafuta msalaba mwingine. Mwenye kazi ngumu, mgonjwa au mjamzito azungumze na paroko wake, ambaye kwa sababu ya haki anaweza kumwondolea wajibu huo au kuubadili kwa tendo lingine la kiibada. Kwaresima ya familia hiyo inaweza kuwa rozari fupi, au kumsamehe jirani. Kwa sisi wengine, Kwaresima yetu iwe kuhakikisha kwamba katika jumuiya yetu ndogo ndogo hakuna anayefunga kwa kukosa.

Ijumaa ijayo, kabla ya kwenda sokoni, tukae kama familia tuulizane: leo tunapunguza nini, na kinakwenda kwa nani? Tukiwa na jibu la maswali hayo mawili, tumekwisha kuanza.

Tunawatakia nyote Kwaresima njema.