Dawa ya pancha: Bidhaa inayooza kama samaki wa Feri

WAFANYABIASHARA wa vipuri wa Kariakoo wanaofikiria kuweka dukani dawa ya kuziba pancha kwa tairi za baiskeli zisizotumia tyubu wanashauriwa kuelewa jambo moja kabla ya kufunga mtaji. Dawa inayoziba vizuri zaidi ndiyo inayokauka mapema zaidi, na joto la Dar es Salaam huifupishia maisha. Kwa maana hiyo bidhaa hii haipaswi kuhesabiwa pamoja na spoki na minyororo, ambayo hukaa rafuni mwaka mzima bila kuharibika. Ihesabiwe pamoja na samaki.

Soko lake lipo. Mchuuzi anayenunua samaki kwenye mnada wa Feri alfajiri hufunga tenga na barafu nyuma ya baiskeli na kuelekea Buguruni, Tandika au Manzese. Msumari mmoja njiani unatosha kumchelewesha. Barafu inayeyuka, na wateja wa asubuhi wanakuwa wameshanunua kwa mwingine. Hasara yake haiishii kwenye ujira wa fundi, kwani samaki waliofika saa nne hawauzwi kwa bei ya saa moja.

Hata hivyo, si kila baiskeli inafaa kwa dawa ya aina moja, na hapo ndipo wanunuzi wengi huuziwa kisichowafaa.

TYUBU AU BILA TYUBU?

Baiskeli kubwa za chuma za mtindo wa Phoenix, ambazo ndizo hubeba samaki, mkaa na mikate, hutumia tyubu. Ringi zake zina matundu ya spoki yanayopitisha hewa, na kingo zake hazikutengenezwa kukamata tairi lisilo na tyubu. Fundi anayeahidi kuigeuza baiskeli ya namna hiyo iende bila tyubu anauza maneno.

Tairi za baiskeli zisizo na tyubu zilianza kuuzwa kwa mfumo maalumu mwaka 1999, kampuni za Ufaransa Mavic, Hutchinson na Michelin zilipotoa ringi na tairi zinazobanana bila kuvujisha hewa. Hapa nchini baiskeli za aina hiyo huonekana zaidi kwa waendeshaji wa michezo na katika mizigo ya mtumba kutoka nje. Ubavuni mwa tairi huandikwa kama linaweza kutumika bila tyubu. Ringi nayo lazima iwe na utepe usiopitisha hewa juu ya matundu ya spoki, pamoja na valvu yake maalumu.

Kwa hiyo masoko ni mawili, na kila moja lina dawa yake.

AINA TATU SOKONI

Ya kwanza ni dawa ya utomvu wa mpira, ule ule unaogemwa katika mashamba ya mpira kama la Kihuhwi, Muheza. Huchanganywa na maji, chembechembe ndogo na mara nyingi amonia ili usigande ndani ya chupa. Mwiba unapotoboa tairi, hewa inasukuma dawa kwenye tundu, chembe zinajibana na utomvu unaganda. Kampuni ya Stan's NoTubes ya Marekani, iliyoanzishwa na Stan Koziatek mwaka 2001, ndiyo iliyoisambaza sana. Huziba tundu la hadi milimita 6 hivi. Udhaifu wake ni kukauka: mtengenezaji huyo mwenyewe hutaja miezi 2 hadi 7 kutegemea joto na hali ya hewa. Mnunuzi wa Dar es Salaam asijipangie kwa miezi 7.

Ya pili ni dawa ya glaikoli yenye nyuzi ndogo, kama Slime, inayojulikana kwa rangi yake ya kijani. Haikauki upesi. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya tyubu hupewa muda wa miaka 2 na mtengenezaji, lakini huziba matundu madogo tu, kama milimita 3, na ni nzito. Hii ndiyo ya kumpa mwenye baiskeli ya tyubu.

Ya tatu ni mchanganyiko wa mtaani, yaani utomvu, maji na kimiminika cha rejeta kwa vipimo vya fundi mwenyewe, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Baadhi hufanya kazi. Tatizo la kibiashara ni kwamba haina tarehe wala lebo, na ikigoma mnunuzi hana wa kumdai isipokuwa wewe uliyemuuzia.

HESABU YA MWAKA

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia tu. Msomaji aweke bei aliyopewa dukani. Tuseme chupa ya mililita 500 ya dawa ya utomvu inauzwa Sh. 40,000, yaani Sh. 80 kwa mililita moja. Tairi pana la baiskeli ya milimani linataka mililita 90 hadi 120. Tairi jembamba la barabarani linataka 30 hadi 60. Tukichukua 100 kwa tairi, magurudumu mawili yatakula mililita 200 mwanzoni. Kila baada ya miezi mitatu ukiongeza 50 kwa kila tairi, nyongeza tatu ni mililita 300. Chupa imekwisha na mwaka umekwisha.

Sasa linganisha. Ikiwa kuziba pancha moja ni Sh. 1,000, Sh. 40,000 ni viraka 40. Mwendeshaji wa mjini anayepata pancha kumi kwa mwaka, na ambaye fundi yuko kila kona, hapati faida yoyote kwa hesabu ya viraka peke yake. Lakini ikiwa kila pancha inamharibia biashara ya asubuhi yenye faida ya Sh. 20,000, asubuhi mbili zilizookolewa zimerudisha bei ya chupa nzima. Dawa hii basi si ya kila mtu. Ni ya yule ambaye muda wake njiani una bei.

Kwa mchuuzi wa baiskeli ya chuma, fedha ya kwanza iende kwenye tairi jipya na tyubu nzuri. Dawa juu ya tairi lililokwisha meno ni kupaka rangi ukuta unaobomoka.

MWENYE DUKA AANGALIE NINI

Kwanza, tarehe. Mzigo wa meli hukaa wiki kadhaa ndani ya kontena lenye joto kabla haujafika bandarini. Omba tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa, na uza ya zamani kabla ya mpya.

Pili, kiasi. Ukiagiza katoni ya chupa 24 nawe unauza 2 kwa mwezi, ya mwisho itatoka baada ya mwaka. Bei nafuu ya jumla inaweza kuishia kuwa mabonge ya mpira.

Tatu, tikisa chupa. Dawa nzuri husikika kama maji mazito. Ukisikia bonge likigonga, rudisha. Iweke kivulini, mbali na kioo cha mbele cha duka.

Nne, aina ya hewa. Baadhi ya dawa za utomvu huganda papo hapo zikikutana na gesi ya kaboni ya mitungi midogo wanayobeba waendesha baiskeli wa michezo. Mshauri mteja atumie pampu au kompresa.

Tano, usafirishaji na viwango. Makopo yenye gesi ya kusukuma huhesabiwa mzigo wa hatari kwenye ndege. Chupa za kawaida hazina usumbufu huo. Kabla ya kuagiza, muulize wakala wa forodha kuhusu cheti cha ubora kinachotakiwa na Shirika la Viwango Tanzania.

TAHADHARI KWA BODABODA

Kishawishi kikubwa kwa muuzaji ni kuwauzia waendesha pikipiki dawa ya baiskeli, kwa kuwa hao ndio wengi. Asifanye hivyo. Tairi la pikipiki hubeba uzito na mwendo ambao dawa ya baiskeli haikupimiwa, na lebo za dawa nyingi za namna hiyo hukataza matumizi ya barabara kuu. Pikipiki zenye ringi za aloi na tairi zisizo na tyubu zina dawa zake. Tundu likiwa kubwa, tiba ni ile kamba ya mpira inayochomekwa kwa sindano, kama wafanyavyo mafundi wa magari.

MWELEKEO

Mwenye mtaji mdogo atafanya vyema kuanza na dawa ya glaikoli kwa wateja wa tyubu, na chupa chache za utomvu mpya kwa wenye baiskeli za milimani. Faida ya kudumu iko kwenye huduma: andika tarehe ya kujaza kwa kalamu ubavuni mwa tairi, mwite mteja baada ya miezi mitatu, pima, ongeza, toza kwa mililita. Chupa iliyofunguliwa leo itakwisha mwezi huu badala ya kugandia rafuni, na mteja atarudi kabla hajakwama njiani na tenga lake.