Oksijeni ndani ya ndege ndogo: mambo ya kujua kabla mgonjwa wako hajapanda

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Hujambo msikilizaji, uwe Kakuma, Nyarugusu, Nakivale au kambi nyingine yoyote. Karibu kwenye kipindi cha leo. Na kama huna redio ila umeshika karatasi hii, karibu vilevile. Ukimaliza kusoma mpe jirani.

Leo tunazungumzia ndege. Sio ile kubwa ambayo wengi wetu tunaiota usiku, ila ile ndogo ya injini moja, inayotua kwenye uwanja wa vumbi watoto wakiikimbilia kwenye ua. Siku nyingine ndege hiyo hubeba mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya mbali.

Mama mmoja ametuletea ujumbe. Anasema mtoto wake ana nimonia na damu yake imepungua. Ameambiwa mtoto atasafirishwa kwa ndege akiwa amewekewa oksijeni, naye amekataa. Anasema hivi: "Kila niliyemwona amewekewa ile mipira puani, alirudi nyumbani amefunikwa shuka."

Mama, pole, na asante kwa kusema wazi jambo ambalo wengi wanalinong'ona. Tuanze hapo hapo. Oksijeni haiui. Inaonekana hivyo kwa sababu sehemu nyingi mitungi ni michache, kwa hiyo anapewa yule aliyezidiwa kabisa, tena mara nyingine akiwa amechelewa. Tunamkumbuka aliyefariki. Waliovuta oksijeni usiku mmoja wakarudi nyumbani kwa miguu yao hatuwahesabu.

Sasa, kwa nini ndege ndogo inahitaji oksijeni zaidi ya wodi?

Hewa ina uzito. Hapa chini tumelaliwa na hewa yote iliyo juu yetu, nayo inabana hewa tunayovuta ikawa nzito. Ukipanda juu, mgandamizo huo unapungua. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni kama asilimia 21 kila mahali, lakini hewa yenyewe imetawanyika, hivyo kila pumzi inakuletea kidogo. Kwenye mita 3,000 mgandamizo ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani. Kwenye mita 5,500 umebaki nusu.

Ndege kubwa za abiria hupita mita 10,000, lakini zimefungwa na kujazwa hewa, hivyo abiria anapumua kana kwamba yuko kwenye mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Ndege ndogo nyingi, kama Cessna Caravan, hazina mtambo huo. Hewa ya ndani ni ileile ya nje. Chukua safari ya kutoka Kakuma hadi Nairobi. Kakuma iko chini, kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Katikati kuna milima, Cherangani peke yake inapita mita 3,000, na rubani lazima apite juu yake kwa nafasi ya kutosha.

Mtu mzima mwenye afya atapiga miayo, labda kichwa kimuume kidogo. Kanuni za Marekani kwa ndege ndogo zinamtaka rubani avute oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya futi 12,500, yaani karibu mita 3,800, na abiria wote wapewe kuanzia futi 15,000. Lakini kanuni hizo zimewekwa kwa watu wazima na wazima wa afya. Mtoto mwenye nimonia tayari anapungukiwa akiwa chini. Mwenye upungufu mkubwa wa damu hana mabehewa ya kutosha ya kubebea oksijeni. Mwenye siko seli, ambayo ndugu zetu wa Kongo huita SS, chembe zake za damu hujikunja zaidi oksijeni ikipungua, na maumivu huanza. Hawa hawasubiri mita 3,800.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Hapa ndipo penye hesabu, na ningependa uifuate, kwa sababu ni hesabu ya sokoni tu.

Mtungi mmoja unaobebeka, wa aina inayotumika sana, una kama lita 680 za oksijeni. Mgonjwa akipewa lita 2 kwa dakika, utadumu dakika 340, zaidi ya saa tano na nusu. Akihitaji lita 5 kwa dakika, utadumu dakika 136 tu.

Watu wengi wanahesabu muda wa kuruka peke yake. Hilo ndilo kosa. Safari ya mgonjwa huanza kitandani na kuishia kitandani. Tuseme saa moja ya gari na kusubiri uwanjani, saa mbili angani, kisha saa moja ya foleni za mjini. Jumla saa nne. Kwa lita 2, atatumia lita 480, mtungi mmoja unatosha na akiba ipo. Kwa lita 5, atatumia lita 1,200. Mitungi miwili inabakiza lita 160, yaani dakika 32. Ndege ikichelewa kwa mvua, au gari la kumpokea likikwama, dakika 32 si akiba. Hapo unahitajika mtungi wa tatu, na ndege ndogo haina nafasi ya kupoteza wala uzito wa kuchezea.

Kwa hiyo wataalamu hutafuta njia za kutumia oksijeni kidogo. Ya kwanza haigharimu kitu: kumwomba rubani aruke chini zaidi, pale ambapo milima na hali ya hewa vinaruhusu. Uamuzi ni wake, na akikataa ana sababu.

Ya pili ni mirija ya puani yenye kifuko kidogo. Mgonjwa anapotoa pumzi, oksijeni inayoendelea kutoka mtungini hukusanyika kwenye kifuko badala ya kupotea hewani, naye akivuta anaipata yote. Marubani wa ndege binafsi wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi, kwa sababu hupunguza matumizi hata kufikia nusu. Ya tatu ni kifaa kinachofungua oksijeni pale tu mtu anapovuta pumzi. Hivi viwili vinamfaa mtu mzima anayepumua vizuri kwa pua. Pumzi ya mtoto mchanga ni ndogo mno, kifaa huenda kisiisikie kabisa. Mtoto hupewa mirija ya kawaida ya saizi yake.

Kuna pia mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani. Ile kubwa ya wodini inataka umeme wa ukutani, haiendi angani. Ndogo za betri zipo, lakini uwezo wake una mipaka, na betri nayo huisha.

Tafadhali, mtu asikushawishi kutumia mtungi wa fundi wa kuchomelea vyuma. Hakuna aliyeukagua kwa ajili ya mapafu ya binadamu. Na penye oksijeni hapakai sigara, kiberiti, wala mafuta ya kupaka mikononi mwa anayeshika koki. Moto ukipata oksijeni hauzimiki kirahisi.

Mama, rudi kliniki leo. Mwambie muuguzi kila kitu: kama mtoto ana siko seli, kama amewahi kuongezewa damu, kama amefanyiwa upasuaji hivi karibuni. Hilo la upasuaji ni kubwa, kwa kuwa hewa iliyobaki tumboni au kifuani hutanuka ndege ikipanda, karibu nusu zaidi kwenye mita 3,000. Uliza: anatumia lita ngapi kwa dakika? Mitungi ni mingapi? Nani atakuwa na mtungi atakapotua? Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Muuguzi mzuri atafurahi.

Utaona kifaa kama kibanio kidoleni mwa mtoto, chenye namba. Kwa mtoto, chini ya 90 maana yake anahitaji oksijeni. Kama ana hina au rangi kwenye kucha, au kidole ni baridi, sema, maana namba inaweza kudanganya. Na ndege ikianza kushuka, mnyonyeshe. Akimeza, masikio yatazibuka.

Jambo la mwisho: rufaa, ndege na oksijeni haviuzwi kwa mkimbizi. Mtu akikudai pesa ili jina la mtoto liingie kwenye orodha, usilipe. Peleka taarifa kwenye dawati la malalamiko kambini.

Mama, ukipata nafasi tutumie ujumbe mwingine, utuambie mtoto anaendeleaje.

(Muziki wa kufunga kipindi.)