Nani Aende Bujumbura?

Wasichana wawili wa miaka 14, wa darasa moja, wanaweza kuachana kimwili kwa miaka mitatu na zaidi. Mmoja amekaribia kumaliza kurefuka. Mwenzake ndiyo kwanza anaingia katika miezi ya kupanda kwa kasi. Wapeleke uwanjani, mpe kocha kalamu, naye atamwandika wa kwanza: anaruka juu, hasukumwi chini ya goli, ribaundi zote ni zake. Macho ya kocha hayakumdanganya hata kidogo. Ila alichoandika ni hatua ya ukuaji, na kwenye karatasi kimepewa jina la kipaji.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kosa hilo ni ghali. Shirikisho la mpira wa kikapu la Burundi, FEBABU, na vilabu vyenye nguvu viko Bujumbura. Minago, mji wa uvuvi na mawese, uko kusini, kwenye barabara inayofuata ziwa kuelekea Rumonge. Tuseme kambi ya vipaji ya siku mbili inaletwa hapo wakati wa likizo, wasichana wa sekondari wanakuja kutoka Magara hadi Kizuka, na wachache watachaguliwa kwenda mjini. Msichana wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, asipoonekana leo, kocha atamwona tena Jumamosi. Wa Minago ana siku hizo mbili tu. Kwa hiyo namna ya kumpima inastahili kufikiriwa kwa makini zaidi kuliko tunavyofanya.

Tuanze na mwili. Kwa wastani wasichana hurefuka kwa kasi kubwa kabisa karibu na miaka 12, takribani sentimita 8 kwa mwaka, na wavulana karibu na miaka 14. Hedhi ya kwanza ya msichana hufuata mwaka mmoja hivi baada ya kasi hiyo kubwa. Lakini wastani huo ni wa watoto walioshiba. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Burundi mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyekosa lishe huchelewa kubalehe, na anaweza kuendelea kurefuka katika umri ambao vitabu vinasema amemaliza. Mwaka 2002 Robert Mirwald wa Canada na wenzake walichapisha kanuni ya kukadiria mtu yuko umbali gani na kilele cha kurefuka, kwa kutumia umri, uzito, urefu wa kusimama na urefu wa kukaa. Ni rahisi na inatumika duniani kote. Hata hivyo ilijengwa juu ya watoto wa Canada na Ubelgiji, na mimi nisingeitegemea peke yake kumpima msichana wa Rumonge.

Ningetegemea zaidi ukuta na futikamba. Mwalimu wa michezo awapime wasichana wake miezi minne kabla ya kambi, kisha awapime tena: bila viatu, visigino ukutani, saa ileile ya asubuhi, kwa sababu mtu hupungua karibu sentimita moja kati ya asubuhi na jioni. Aliyeongezeka sentimita mbili na nusu katika miezi hiyo yumo kwenye kilele. Aliyeongezeka milimita tatu amekaribia mwisho. Kocha akilijua hilo ataiangalia miruko yao kwa macho mengine kabisa. Habari za hedhi zisiulizwe uwanjani. Kama ni lazima, aulize muuguzi wa kike, faraghani, kwa ridhaa ya msichana na mzazi wake.

Umri wa kwenye karatasi nao una mtego wake. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa hoki ya barafu Canada waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi mno, kwa kuwa tarehe ya kugawa makundi ilikuwa Januari 1, na mtoto wa Januari alikuwa amemtangulia wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukua. Kwa wasichana athari hiyo ni ndogo kuliko kwa wavulana, lakini ipo. Na pale mtoto aliposajiliwa kwa kuchelewa, tarehe yenyewe huwa ni makadirio. Hapo ukuta una taarifa nyingi kuliko cheti.

Sasa mruko. Mashine za maabara hazihitajiki, maana fizikia inatosha. Anayeruka wima hutumia nusu ya muda wake hewani akipanda na nusu akishuka, hivyo urefu wa mruko ni muda huo kuzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa 9.81, na kugawanywa kwa 8. Aliyekaa hewani nusu sekunde ameruka sentimita 31 hivi. Simu inayopiga video ya polepole inaweza kuhesabu muda huo, na mwaka 2015 Carlos Balsalobre-Fernández wa Uhispania na wenzake walionyesha kwamba programu ya simu hutoa majibu yanayokaribiana sana na ya bamba la kupimia miruko la maabara. Jambo la kuzingatia ni idadi ya picha. Kwa picha 30 kwa sekunde, kukosea picha moja tu kunaongeza sentimita 4 kwenye mruko huo. Kwa picha 240, kosa hilohilo ni nusu sentimita. Kambi isiyojua simu yake inapiga picha ngapi inaweza kumpeleka mjini msichana asiyemzidi mwenzake kwa lolote.

Kurusha kunadanganya zaidi kuliko kuruka. Mchukue msichana ambaye, kwa muda mrefu, hufunga mitupo 4 kati ya 10. Mpe mitupo 10 siku ya kambi. Hesabu ya uwezekano inasema nafasi ni kama moja kati ya sita kwamba atafunga 6 au zaidi na kuonekana nyota, na nafasi ni kama ileile kwamba atafunga 2 au chini yake na kuonekana hajui mpira. Mkono ni uleule. Akirusha 100, kwa kawaida atafunga kati ya 30 na 50, na hapo ndipo unaanza kuwatofautisha watu. Wavuvi wa taa wa Minago wanajua kwamba ndagala hawakusanyiki vizuri kwenye taa usiku wa mbalamwezi, na hakuna anayeuhukumu mtumbwi kwa usiku mmoja. Mitupo 25 mara nne, asubuhi na jioni kwa siku zote mbili, inawezekana hata kwenye goli moja. Na mpira uwe namba 6, wa wasichana. Namba 7 ni mkubwa na mzito zaidi, na aliyezoea wa kike akipewa huo tunapima ugeni wa mpira.

Halafu kuna kocha mwenyewe. Mwaka 1920 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, aliona kwamba maofisa wa jeshi waliowapa askari alama za akili, umbo, uongozi na tabia walitoa alama zilizofuatana mno: aliyependeza kwa umbo alipanda katika kila safu. Kwenye kikapu umbo hilo ni urefu. Msichana mrefu hupewa alama ya juu hata katika pasi, ilhali hajatoa pasi. Dawa ninayoiamini inatoka pia jeshini. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, akiwa kijana wa miaka 21 katika jeshi la Israel, alibadili usaili wa askari wapya: sifa sita, kila moja ipimwe kwa maswali yake na ipewe alama yake kabla ya kugusa inayofuata. Maoni ya jumla yalikuja mwishoni kabisa. Usaili huo ulitabiri utendaji wa askari vizuri kuliko ule wa zamani. Kambi inaweza kuiga: kocha mmoja atazame ulinzi tu, mwingine pasi tu, na wasisemezane kabla ya kukabidhi karatasi.

Hata hivyo, ningelazimika kuchagua kipimo kimoja tu, ningepima kasi ya kujifunza. Asubuhi ya siku ya kwanza wafundishwe wote jambo ambalo hakuna anayelijua, mathalani leyapu ya mkono wa kushoto kwa hatua za kinyume. Usiwape alama jioni ileile. Robert Bjork na Richard Schmidt walieleza mwaka 1992 kwamba mtu anaweza kufanya vizuri sana mazoezini na asibaki na kitu, na mwingine akahangaika mazoezini na kubaki na kingi. Kwa hiyo alama itolewe asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kukumbushwa. Hapo msichana wa Minago aliyejifunzia kwenye vumbi, bila kocha, anasimama sawa na aliyecheza tangu darasa la tatu.

Afrika Mashariki ina ushahidi wa kutosha kwamba kuchelewa kuanza si kosa la mtu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alishika mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika NBA. Madina Okot wa Mumias, Kenya, alianza akiwa tayari msichana mkubwa. Alipita Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina. Urefu wake wa sentimita 198 ungemtambulisha popote, lakini karatasi ya ujuzi ya miaka 14 ingemwandikia sifuri. Ninachojiuliza ni wangapi wa sentimita 165, wenye akili ya kujifunza kama yake, wameandikiwa sifuri na hawakuitwa tena.

Kuna jambo moja ambalo kambi inapaswa kulitazama hata kama haimchagui mtu. Wasichana wa kikapu huchanika kano ya mbele ya ndani ya goti mara kadhaa zaidi ya wavulana, hasa wanapotua au kukata kona. Mpandishe kila mmoja kwenye sanduku la sentimita 30, ashuke, atue, aruke papo hapo. Mpige video kwa mbele. Magoti yakiingia ndani na kugusana, hiyo isiwe alama ya kumtoa. Ni sababu ya kumfundisha kutua kwa magoti yaliyokunjwa, yakielekea vidole, pamoja na mazoezi ya paja la nyuma na nyonga, dakika kumi na tano kabla ya kila mazoezi. Programu za namna hiyo zimethibitishwa kupunguza majeraha, na hazihitaji kifaa chochote.

Baada ya kambi, waliochaguliwa watapata uwanja, mpira na kocha, na bila shaka watakuwa bora kuliko waliobaki. Kambi inayowafuatilia hao tu itaamini daima kwamba ilichagua vizuri, maana haina wa kuwalinganisha nao. Majina ya waliobaki Minago yawekwe kwenye daftari la shule pamoja na urefu wao, mitupo yao 100, video ya magoti yao na alama yao ya asubuhi ya pili. Likizo ndefu inayofuata waitwe tena wote, wa mjini na wa nyumbani, wapimwe upya kwa ukuta uleule na goli lilelile.