Kuosha Motokari Safarini

Wewe shofere, au muganga unayefuatana na shofere, ama kijana unayetumwa na bidoni kuosha motokari, maneno haya ni yako.

Unaijua njia yetu. Kutoka Mweso kupita Kashuga mpaka Kalembe, na kuendelea Pinga, mvua ikinyesha matope hupanda mpaka madirishani. Ukiteremka Sake na Goma, huko kuna vumbi jeusi la mawe ya volkano. Motokari ya kliniki hukaa njiani siku nyingi. Tunaweka dawa ndani yake, na mara nyingine tunalala humo. Ni nyumba yetu ya safari. Watu husema, "Matope yako nje tu, dawa ziko ndani, basi inatosha." Haitoshi.

Angalia kwanza alama ya hospitali iliyo mlangoni. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yanawaagiza wapiganaji kuheshimu motokari zinazochukua wagonjwa. Lakini askari aliye kwenye bariyeri atajuaje, kama alama imefunikwa na matope? Alama haizuii risasi. Lakini alama isiyoonekana haiwezi kuheshimiwa hata na mtu mwema. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuondoka, na kila mnaposimama kijijini, pangusa alama, taa, vioo na namba. Kwa kazi hiyo maji ya ndoo moja yanatosha.

Sasa, maji hayo utayapata wapi? Hapa ndipo tunapokosana na mashofere wengi. Wanaona kijito, wanaingiza motokari mpaka magurudumu yamezama, watoto wanafurahi, na baada ya saa moja motokari inang'aa kama sahani. Lakini mafuta ya injini na uchafu wote umekwenda na maji. Huko yanakoteremkia yuko mama anayejaza bidoni yake. Kashuga imepokea watu wengi waliokimbia vita, na mahali pa kuteka maji ni pachache. Kumpenda jirani ni kumpenda na huyo mama, ambaye hutauona uso wake.

Fikiri tena juu ya motokari iliyochukua mgonjwa wa kipindupindu. Ametapika, ameharisha, na maji hayo yametiririka kupitia mlango wa nyuma mpaka kwenye bampa. Ukiiosha kijitoni, umewagawia kijiji kizima ugonjwa. Mwaka 1994 huko Goma kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi katika majuma machache; wengi walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha.

Basi fanya hivi. Teka maji kwa chombo safi, uyalete kwenye motokari. Iweke mbali na kijito na kisima, hatua arobaini au zaidi, penye majani, mahali ambapo maji machafu yatanywewa na udongo bila kurudi mtoni. Lowesha matope, ngoja yalainike, kisha yaondoe kwa kipande cha mti, hasa karibu na breki na mbele ya radiata, kwa maana radiata iliyozibwa huchemsha injini mlimani. Anza juu, malizia magurudumu. Vumbi la volkano usilisugue likiwa kavu. Linakwaruza rangi na vioo.

Ikiwa mgonjwa wa kipindupindu alikuwamo, osha uchafu kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huondoa nguvu ya klori. Kisha tia vijiko vikubwa viwili vya poda ya klori ya asilimia 70 katika lita 10 za maji, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Vaa glovu. Paka ndani na nje, ngoja dakika kumi, suuza sana, maana klori hula chuma. Usichanganye klori na sabuni katika ndoo moja. Mgonjwa akishukiwa kuwa na Ebola, kama tulivyoona katika Kivu ya Kaskazini kutoka 2018 mpaka 2020, usiiguse motokari. Waite wenye mafundisho na mavazi ya kazi hiyo.

Jambo moja la shambani, ingawa si la hospitali. Motokari ikikwama, watu hukata migomba na kuiweka chini ya magurudumu. Ugonjwa wa kunyausha migomba ulitambuliwa katika Kongo mwaka 2001, na ni hapa kwetu Masisi. Hupita kwa panga kutoka shamba hata shamba. Tumieni mawe au matawi ya miti. Na panga la motokari lipitishwe motoni kabla ya kukata mgomba mwingine.

Kitambaa cha motokari kisirudi kamwe kwenye sufuria wala kwenye meza ya dawa; kitieni alama, kikae na jeki na spana. Na vijana wakija mbio kutaka kuosha motokari mtoni kwa faranga chache, msiwafukuze. Wapeni faranga zilezile wawaletee maji huku juu.