Wauguzi wapo, wagonjwa wapo. Nafasi ziko wapi?

Hakuna kazi isifiwayo sana siku ya sherehe na kusahauliwa upesi siku ya bajeti kama kazi ya uuguzi. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, mishumaa huwashwa, kiapo husomwa na hotuba hutolewa. Kesho yake muuguzi hurejea katika zamu yake, na mwenzake mwenye cheti kama chake hubaki nyumbani akingoja tangazo la ajira. Jambo hili ndilo tupendalo kulizungumza leo.

Tuitazame Mbagala na vitongoji vinavyofanana nayo. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao ni wafanyakazi waliokwenda kujenga pembezoni, Mbagala, Chamazi, Chanika na Gongo la Mboto, kwa sababu huko ndiko walikomudu bei ya kiwanja. Huko kliniki ya mama na mtoto hujaa tangu asubuhi. Katika zahanati zetu nyingi muuguzi ndiye apimaye ujauzito, azalishaye, achanjaye, afungaye vidonda na kujaza vitabu vya taarifa. Akikosekana yeye, jengo hubaki kuwa jengo tu.

Hapana shaka, basi, kwamba kazi ipo. Lakini kazi kuwapo si sawa na nafasi ya ajira kuwapo. Mgonjwa haleti mshahara wa muuguzi. Katika utumishi wa umma nafasi huzaliwa na ikama, kibali na fedha zilizotengwa. Zahanati yaweza kuzinduliwa kwa ngoma na vifijo, na bado nafasi za watu wa kuiendesha zisiwe zimetengewa hata senti.

Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania, mwaka 2023, katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ili nchi tajiri zisije kuwachota hao wachache. Je, yaingia akilini nchi ya namna hiyo iwe na vijana waliofuzu wasio na kazi? Wengine hujitolea hospitalini miezi na miezi, wakibeba zamu kamili kwa posho ya nauli, au bila hata hiyo. Kujitolea ni sifa njema. Lakini kujitolea kusikokuwa na mwisho ni utumishi usiolipwa, nasi hatuwezi kukuita kwa jina jingine.

Iko milango mingine. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia matibabu ya kibiashara. Yalirejeshwa mwaka 1991, na tangu hapo zahanati za watu binafsi zimeenea vitongojini. Hizi, pamoja na hospitali za mashirika ya dini, zaweza kumwajiri kijana pasipo kungoja kibali cha Serikali. Hata hivyo asiingie humo kwa macho yaliyofumbwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Na saa za usiku zilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Muuguzi asiyeyajua haya atakesha bure.

Kwa wazazi tuna neno. Yafaa kuuliza kabla ya kulipa ada. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET? Je, wanafunzi wake hufanya mazoezi katika wodi yenye wagonjwa, au huishia darasani? Cheti cha uuguzi huchukua miaka 2, stashahada miaka 3, na shahada miaka 4 pamoja na mwaka 1 wa mazoezi ya kazi. Baada ya hayo yote, asiye na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Ni msiba kuuza shamba ili kumsomesha binti mahali ambapo cheti chake hakitamfikisha kwenye leseni.

Kwa wenye mamlaka twasema hivi: katika kila mradi wa jengo la afya, ukurasa wa kwanza uwe wa saruji, na wa pili uwe wa watumishi. Halmashauri za mijini, zikusanyazo ushuru mwingi, zitenge sehemu ya mapato yake kuajiri wauguzi kwa mikataba ya haki wakati kibali cha ajira ya kudumu kikisubiriwa. Na waliojitolea kwa muda mrefu wahesabiwe kwanza nafasi zitokeapo.

Nanyi, ndugu wanachama na wafanyakazi, mnalo jukumu. Diwani ajapo mkutanoni kueleza habari za zahanati mpya, msiulize tu itafunguliwa lini. Mwulizeni itakuwa na wauguzi wangapi, na nani atawalipa. Swali hilo likiulizwa katika kila kata, mwaka hadi mwaka, litafika mahali bajeti inapoandikwa. Mama ajifunguaye usiku wa manane hahitaji rangi nzuri ya ukuta. Ahitaji mkono wa mtu aliyefunzwa, na mtu huyo ahitaji mshahara.